Ingwe inawadai nini tena mashabiki wake?

Siku ya Mashemeji, mechi ya AFC Leopards na Gor Mahia, jijini Nairobi, isukuti husikika kabla ya wapigaji kuonekana. Ngoma huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo hutajwa kama familia: baba, mama na mtoto. Nyuma yake ni watu waliovaa buluu na nyeupe, wengine wakija kwa miguu kutoka Makongeni na Kibera, wengine wakiwa wameshuka basi alfajiri kutoka Kakamega, Vihiga au Busia. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Anayetaka kuiona ikiwa hai bila kusubiri harusi au matanga, aende kwenye jukwaa la mashabiki wa AFC Leopards, yaani Ingwe.

Watu hao wanaishangilia timu iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 1998. Baada ya hapo taji limekwenda kwa Tusker, kwa Oserian Fastac ya wakulima wa maua kule Naivasha, kwa wanajeshi wa Ulinzi Stars, kwa SoNy Sugar, kwa Mathare United, kwa Sofapaka iliyoshinda mara tu ilipopanda daraja, na kwa Gor Mahia mara nyingi kiasi cha kuwachosha majirani. Msimu wa 2024/25 likaenda kwa Kenya Police. Aliyezaliwa Ingwe ilipokuwa bingwa sasa ni mtu mzima, pengine ana mtoto, na huenda mtoto huyo naye amekwisha kuvishwa jezi ya buluu na nyeupe.

Wapo wanaowahurumia mashabiki hawa na wapo wanaowacheka. Mimi nasema wamedhulumiwa, na aliyewadhulumu hakutoka nje.

Kwa nini hawaondoki? Jibu liko katika namna klabu hii ilivyopatikana. Wanaume waliotoka Magharibi kwenda Nairobi kutafuta kazi kwenye reli, viwandani na majumbani mwa watu walijipanga kwa koo na sehemu walizotoka: Wamarama na wenzao, Wasamia na wenzao, Wanyore, Wakisa, Watiriki. Vyama vyao vilichangisha pesa za kusafirisha maiti nyumbani, vikasaidia aliyefiwa na aliyefutwa kazi, na vingi vilikuwa na timu ya mpira. Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru, timu kadhaa za aina hiyo ziliunganishwa zikawa Abaluhya United. Kuichangia ilikuwa wajibu wa mtu wa kwao, kama kuchangia matanga. Hakuna tajiri aliyeianzisha, wala kampuni, wala wizara. Ndiyo maana mzee wa Butere au wa Mbale anaposema "timu yetu" anamaanisha hivyo hasa: babake alitoa shilingi yake.

Watu hawa ndio walioipa Kenya Joe Kadenge, ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilitaja jina lake redioni mara nyingi hadi "Kadenge na mpira" ikawa kauli ya taifa zima, hata kwa wasiojua sheria moja ya soka. Kadenge alifariki Julai 2019, na uwanja wa City ulioko Jogoo Road sasa unaitwa kwa jina lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipiga vita vyama na majina ya kikabila. Luo Union, iliyokuwa bingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, ikageuka kuwa Re-Union na haikurudi tena kileleni. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Mabadiliko hayo yangeweza kuivunja. Badala yake ikatwaa ubingwa wa ligi 1980, 1981 na 1982.

Halafu ikaja miaka ambayo wazee bado huisimulia. Ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati walikuwa wameshaupata 1979. Wakautwaa tena 1982, wakaurudia 1983, na mwaka 1984 jijini Kampala wakaupata kwa mara ya tatu mfululizo, tena kwa kuwafunga Gor Mahia 2-1 katika fainali. Golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, kipa yuleyule aliyeilinda Harambee Stars iliponyakua Kombe la Chalenji 1981, 1982 na 1983. Mbele alikuwepo Joe Masiga, aliyesomea udaktari wa meno na kucheza raga pia, na ambaye mabeki wa kanda nzima walimjua kwa mabega yake. Katikati Wilberforce Mulamba aligawa mipira. Timu ya kabila moja, kama ilivyoitwa na waliotaka kuidharau, ilikuwa na Mswahili wa pwani langoni, na hakuna shabiki wa Kakamega aliyeuliza Abbas ametoka ukoo gani.

Taji la tano la kanda lilipatikana 1997, ligi ikapatikana 1998. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuporomoka. Katikati ya miaka ya 2000, kwa migogoro ya uongozi na ukata, Ingwe ilijikuta nje ya ligi kuu kabisa. Wengi walidhani ndiyo mwisho. Mashabiki waliifuata hadi kwenye viwanja vya ligi ya chini visivyo na viti wala choo, na iliporudi ligi kuu mwaka 2009 walijaza majukwaa kama watu waliorejeshewa kilichoibwa.

Upendo huo uligharimu maisha pia. Tarehe 23 Oktoba 2010, Ingwe na Gor Mahia zilikutana katika uwanja wa Nyayo. Watu walikuwa wengi, milango ilikuwa michache, na katika msukumano wa kuingia wakafa watu saba. Walikuwa wamekuja kutazama mpira. Naitaja siku hiyo kwa sababu kila anayeshika uongozi wa klabu hizi mbili anawadai mashabiki viingilio, na ni haki yao wamuulize kuhusu lango, askari na njia za kutokea.

Tuje kwenye dhuluma yenyewe. Kati ya 2015 na 2019 benchi la Ingwe lilikaliwa na Mkroatia Zdravko Logarušić, Mbelgiji Ivan Minnaert, Mwingereza Stewart Hall, Mromania Dorian Marin, Mkenya Robert Matano, Muargentina Rodolfo Zapata, Waserbia wawili, Nikola Kavazović na Marko Vasiljević, kisha Mnyarwanda Casa Mbungo. Sikuwahesabu makaimu. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na wachezaji aliowataka, na akaondoka kabla mfumo haujaeleweka. Tazama la Matano. Mwaka 2017 aliipa Ingwe kombe la Shield kwa kuifunga Kariobangi Sharks, kombe lililoipeleka timu mashindano ya CAF. Mwaka uliofuata hakuwepo tena. Alikwenda Tusker akatwaa ubingwa wa ligi 2021, na 2022 akatwaa tena.

Kocha anayefukuzwa au kuondoka bila kulipwa ana pa kwenda kulalamika, nako ni FIFA. Mbungo alikwenda, na wachezaji wa kigeni wakaenda. Ingwe ikafungiwa kusajili. Alipoletwa Patrick Aussems mwaka 2021, mtu aliyeifikisha Simba ya Tanzania robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, alijikuta akifundisha klabu iliyozuiwa kuandikisha wachezaji wapya. Alifanya la maana: akawashika vijana, akawafunza, akapambana nao. Lakini hebu fikiria gharama. Klabu imelipia kocha wa kiwango hicho, halafu imemfunga mikono kwa madeni ya waliotangulia. Kisha ikawageukia mashabiki ikiwaomba wachange kwa simu, kila mtu alichonacho, ili madeni yalipwe. Nao wakachanga. Mama muuza mboga wa Kangemi alilipia makosa ya watu waliosaini mikataba ambayo hakuonyeshwa kamwe.

Viongozi wa vipindi mbalimbali wamekuwa na maelezo yao, na mengine ni ya kweli. SportPesa, iliyodhamini Ingwe na Gor, ilisitisha udhamini mwaka 2019 baada ya mzozo wake na serikali kuhusu kodi na leseni. Betsafe ikaja 2020, nayo haikudumu. Nyayo ilifungwa tangu 2017 kwa ukarabati wa mashindano ya CHAN ambayo mwishowe Kenya ilinyang'anywa, ikafunguliwa, ikafungwa tena kwa ajili ya CHAN ya 2025 na AFCON ya 2027. Timu ikawa mhamaji: leo Machakos, kesho Thika, keshokutwa Bukhungu kule Kakamega. Shabiki wa Kawangware anayelipa nauli ya kwenda Machakos na kurudi, kisha kiingilio, ametumia pesa za chakula cha familia. Na akibaki mtaani, banda la video lililo jirani linamwonyesha Arsenal kwa shilingi chache. Wengi wa vijana wetu wamekulia kwenye banda hilo. Siwezi kuwalaumu.

Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu Gor Mahia iliishi mji huohuo, ikafungiwa viwanja hivyohivyo na kupoteza mdhamini yuleyule. Nayo ina madeni, nayo wachezaji wake wamewahi kugoma. Hata hivyo, baada ya kusubiri miaka 18, ilitwaa ligi 2013, ikaendelea kukusanya mataji, na 2015 ikamaliza msimu mzima bila kupoteza mechi. Mwaka huohuo wa 2013 Ingwe iliwafunga 1-0 katika fainali ya Shield. Tofauti ya timu hizi mbili ilikuwa ndogo sana. Wenzetu walishikilia kikosi kwa misimu kadhaa wakakijenga. Sisi tulibomoa kila Desemba.

Tofauti nyingine ni ile iliyopo kati ya Ingwe na timu za mashirika. Mchezaji wa Tusker, Police au Ulinzi ana mwajiri, na mwisho wa mwezi anajua kitakachoingia kwenye akaunti yake. Mchezaji wa Ingwe amewahi kususia mazoezi kwa sababu mwenye nyumba amefunga mlango. Anapotokea wa kumlipa kwa wakati, anaondoka, na ni haki yake. Klabu ya jamii haiwezi kushindana na bajeti ya jeshi, lakini ina kitu ambacho jeshi halina, yaani maelfu ya watu walio tayari kutoa kidogo kidogo kila mwezi wakiaminishwa kwamba pesa zao zitafika. Hapo kwenye kuaminishwa ndipo tulipokwama kwa zaidi ya miaka 20.

Mtu atasema basi klabu iuzwe. Simba, wenzetu wa Dar es Salaam, waliamua 2017 kumpa mwekezaji asilimia 49 na wanachama wabaki na 51, na mijadala ya mpango huo haijaisha. Sioni ubaya wa kuufikiria mpango wa namna hiyo. Naona ubaya wa kuuanza kabla hesabu za sasa hazijawekwa mezani, maana mwekezaji wa kweli hataingia kwenye nyumba ambayo wenyewe hawajui inadaiwa na nani. Wala Ingwe haina uwanja wake wala kituo cha vijana kinachostahili jina lake, miaka zaidi ya 60 tangu kuanzishwa. Ardhi ambayo ingenunuliwa kwa mapato ya miaka ya 1980 sasa ina majumba ya watu wengine.

Sheria ya Michezo ya 2013 inazitaka taasisi za michezo zijisajili, zifanye uchaguzi na ziwe na katiba inayoeleweka. Ni msingi mzuri, lakini hauna faida kama walio wengi wanabaki mashabiki tu bila kuwa wanachama. Wanaojaza jukwaa ni maelfu. Wanaopiga kura kwenye mkutano mkuu ni sehemu ndogo sana yao. Anayechaguliwa na wachache huwajibika kwa wachache. Hili ndilo ningependa kila kikundi cha mashabiki, cha Kakamega, cha Mombasa, cha Eldoret na cha ughaibuni, kilizungumze kabla ya kupanga basi la mechi ijayo.

Kwa hiyo nina ombi kwa mashabiki wa Ingwe. Lipeni ada ya uanachama, mpate kadi, mwende kwenye mkutano mkuu mkiwa wengi kama mnavyokwenda kwenye Mashemeji. Mkifika, msiulize kwanza kocha atakuwa nani. Ulizeni klabu inadaiwa kiasi gani, na nani, kwa mkataba uliosainiwa na nani, na viingilio vya msimu uliopita vilikwenda wapi. Kiongozi asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi asipewe kura, awe amewahi kuichezea Ingwe au la, awe wa ukoo wenu au la. Pesa mmetoa vya kutosha. Sasa daini hesabu.