Swali la "Nani": Unyambuaji wa Vitenzi katika Mafunzo ya Uandishi wa Habari, kwa Mifano ya Kibiti na Delta ya Rufiji



1. Utangulizi

Lengo la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba unyambuaji wa vitenzi, mada ambayo wanafunzi wa uandishi wa habari huiona kuwa mzigo wa wanaisimu, ni sehemu ya maadili ya taaluma yao. Mifano nimeichota Kibiti na delta ya Rufiji, mkoani Pwani, kwa sababu matukio ya huko yaliupima uandishi wetu kuliko mtihani wowote wa darasani.

Mafunzo ya taaluma hii si mapya nchini. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania kilianzishwa mwaka 1975, na mwaka 2003 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Nyegezi, Mwanza, kituo cha mafunzo kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki kilikua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka 2017, iliweka elimu ya stashahada kuwa sharti la mtu kutambuliwa kama mwandishi wa habari. Hata hivyo, katika vyuo vikuu vyetu nadharia za mawasiliano ya umma hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wahitimu wengi huenda kuandika na kutangaza kwa Kiswahili. Mwanafunzi hukariri maswali ya msingi: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Ni nadra kuambiwa kwamba kitenzi cha Kiswahili kinaweza kulizima swali la "nani" bila msomaji kutanabahi.

2. "Watu wasiojulikana"

Mwaka 2017 viongozi wa vijiji, makada wa chama tawala na askari polisi waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mwezi Aprili pekee, askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Habari nyingi ziliwataja wauaji kwa maneno mawili: watu wasiojulikana.

Tulichambue neno hilo. Mzizi ni -ju-, wa kitenzi "jua". Kauli ni ya kutendeka, na kauli hiyo huiruhusu sentensi ikamilike bila kumtaja mtenda. Hawajulikani na nani? Na polisi? Na wanakijiji? Na mwandishi mwenyewe? Sentensi haidai jibu. Isitoshe, kirejeshi kikanushi -si-o- hakibebi njeo. "Wasiojulikana" haliwahusu watu wa jana wala wa leo; hulifanya fumbo kuwa sifa ya kudumu, kama tusemavyo "wasiosikia" au "wasiokoma". Si ajabu kwamba maneno hayo yaligeuka kuwa kama jina la kundi, na watu wakaanza kuyatumia hata kwa mzaha.

Linganisha na sentensi hii: "watu ambao polisi wanasema bado hawajawatambua." Hapa asiyejua ametajwa, chanzo cha kauli kimetajwa, na kiambishi -ja- kinatuambia kwamba kazi haijaisha. Simshauri mwandishi amtaje mtuhumiwa bila ushahidi. Ninachomshauri ni kuueleza ukomo wa anachokijua, badala ya kuugeuza kuwa sifa ya mtenda.

3. Kupotea na kuchukuliwa

Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, na miongoni mwa habari zake zilikuwa za mauaji hayo. Hajaonekana tangu tarehe 21 Novemba 2017. Kwa maelezo ya mkewe, aliondoka na watu waliokuwa katika gari jeupe. Mwezi Julai 2019, waziri wa mambo ya nje alimzungumzia katika mahojiano na BBC kwa namna iliyofahamika kuwa amekufa. Baadaye waziri alieleza kuwa kauli yake ilieleweka visivyo.

Tuandikeje? "Alipotea" ni kitenzi kisichohitaji mtenda mwingine: mtoto hupotea sokoni, mtumbwi hupotea katika mikono ya mto. Kiima ndicho kinachobeba tukio zima. "Alichukuliwa" ni kauli ya kutendwa. Hata mtenda asipotajwa, nafasi yake ipo, na msomaji huisubiri ijazwe. Kwa hiyo "alipotea" si neno la katikati kama wengi wanavyodhani. Lililo sahihi zaidi ni refu zaidi: "kwa maelezo ya mkewe, alichukuliwa." Maneno manne ya mwanzo humlinda mwandishi; kitenzi huilinda haki ya anayeandikwa.

4. Maji ya delta

Mfano wa mwisho hauhusu jinai. Aprili 2024 maji yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na makazi. Ukazuka mjadala: je, sababu ni mvua za El Niño, au ni maji ya Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto? Aliyeandika "mto ulifurika" alikuwa tayari na upande. Aliyeandika "maji yalifunguliwa" alikuwa na upande wa pili. Wote walipaswa kuuliza kwanza kabla ya kuchagua kitenzi.

Lugha ya wenyeji nayo ina somo. Warufiji huita "mlau" kilimo kinachofuata maji yanapopungua, ardhi ikiwa bado na unyevu. Kwa mkulima huyo, mafuriko ya wastani ni riziki. Mwandishi anayelifahamu neno "maafa" peke yake atakosa nusu ya habari.

5. Hitimisho

Napendekeza vyuo vya uandishi wa habari vifundishe sarufi ya Kiswahili kama somo la uchunguzi, wala si la kusahihisha tahajia tu. Mwanafunzi achukue ukurasa wa gazeti, apigie mstari kila kauli ya kutendeka, kisha aulize: nani amefichwa hapa, na ni kwa kukosa ushahidi au kwa mazoea? Familia moja ya Kibiti ingali inasubiri swali la "nani" lijibiwe. Ni wajibu wetu tusiliache lizimwe na sarufi.