Mbps siyo MB: hesabu ya kasi ya intaneti iliyotaka kuvunja kikundi

Leo naweka viuatilifu pembeni kidogo tuongelee intaneti, maana kikundi kimoja cha wakulima wa nyanya ninachokihudumia kimenusurika kuvunjika kwa sababu ya herufi moja tu.

Kikundi hicho kina ofisi ndogo pale wanapofungashia nyanya. Walichanga hela, wakalipia intaneti ya mwezi, ruta ikafungwa. Kifurushi kiliandikwa 10 Mbps. Siku moja kijana wao alikuwa anashusha video ya kudhibiti kantangaze, akaona kompyuta inaonyesha 1.2 MB/s. Akaita wenzake: "Tumelipia kumi, inakuja moja na pointi!" Hadi jioni maneno yameshazunguka kwamba mama mweka hazina kanunua kifurushi cha bei ya chini, chenji katia mfukoni. Akanipigia simu. "Bwana shamba, mimi leo naitwa mwizi. Risiti ninayo, lakini wanasema risiti zinatengenezwa."

Kesho yake nikaenda. Nikapima kasi kwa simu yangu nikiwa karibu na ruta, ikaja 9.6 Mbps. Nikachukua chaki nikaandika ukutani: 9.6 gawa kwa 8, jibu 1.2. Namba ileile ya kijana.

Iko hivi. Hiyo b ndogo ni biti, na B kubwa ni baiti. Baiti moja ina biti nane. Kampuni za mawasiliano hutangaza kasi kwa biti, lakini kompyuta na simu hupima ukubwa wa picha na video kwa baiti. Wazee walinielewa haraka kuliko vijana, kwa sababu wao wanajua pishi moja ni vibaba vinne. Huyu akisema ana vibaba 40 na yule akisema ni pishi 10, hapo hakuna aliyeiba.

Kwa hiyo ukiona Mbps, gawa kwa 8 upate MB kwa sekunde. Ukiona kbps, gawa kwa 8 upate kilobaiti, kwa mfano 512 kbps ni kilobaiti 64 kwa sekunde. Kutoka kbps kwenda Mbps unagawa kwa 1,000, na Gbps 1 ni Mbps 1,000. (Kompyuta nyingine huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Kwenye MB tofauti haifiki asilimia tano, isikuumize kichwa.)

Nisijifanye mjuzi sana, na mimi iliwahi kunikuta. Niliwaita wakulima saa tatu asubuhi waangalie video za mafunzo zenye GB 2, kwenye laini ya 4 Mbps. Nilichukua 2,000 nikagawa kwa 4, nikapata sekunde 500, nikawaambia dakika nane tu tunaanza. Kumbe nilitakiwa kuzidisha kwa 8 kwanza: 16,000 gawa kwa 4 ni sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba hivi. Watu wameacha mashamba, wamekaa kwenye benchi wananiangalia. Mzee mmoja akainuka akaenda zake kumwagilia, sikuwa na la kumwambia.

Hesabu hiyohiyo inakulinda na bando. Bando ni tenki la maji, na kasi ni mpira unaotoa maji. Mpira wa 10 Mbps hutoa MB 1.25 kwa sekunde, sawa na MB 75 kwa dakika, au GB 4.5 kwa saa. Bando la GB 5 ukiliachia mpira huo wazi, saa moja na dakika saba limekauka. Kwa hiyo siyo kila bando likiisha umeibiwa. Huenda simu ilikuwa inajisasisha yenyewe ukiwa shambani.

Turudi kwenye kikundi. Nilipopima niliona jambo jingine ambalo hakuna aliyelilalamikia: kasi ya kupandisha, yaani kutuma, ilikuwa 1 Mbps tu. Ile 10 ni ya kushusha. Na wao shida yao kubwa ni kunitumia picha za majani yaliyoshambuliwa. Picha 12 za MB 4 kila moja ni MB 48. Zidisha kwa 8, ni megabiti 384, kwa 1 Mbps ni sekunde 384, dakika sita na ushee. Siku mtandao ukishuka hadi 256 kbps, picha hizohizo zinachukua dakika 25, na hapo ni kama haukatiki. Mkilipia intaneti ya kikundi, ulizeni kasi zote mbili kabla ya kutoa hela, na muandikiwe kwenye mkataba.

Mama mweka hazina aliombwa radhi mbele ya wanachama, ingawa wawili hawakuja siku hiyo. Namba zangu za chaki bado ziko ukutani, amekataa zisifutwe. Na picha tumekubaliana hivi: mnatuma tatu tu, moja ya jani upande wa juu, moja upande wa chini, na moja ya mche mzima.