Umekosa mazoezi wiki mbili? Bado hujarudi sifuri

Januari kila mtu ana raba mpya. Zanzibar ndiyo usiseme, Januari 1 ya kila mwaka vikundi vya mazoezi vinaingia barabarani kwa pamoja, wazee kwa vijana. Huku Bara nako, serikali ilipozindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi Desemba 2016, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kuanza hatuna shida. Shida inakuja Machi.

Machi masika inaingia. Bosi anabadilisha zamu. Mtoto anashikwa na homa, unalala saa 8 usiku. Unakosa siku moja, unakosa ya pili, wiki inakatika, na ghafla raba zina vumbi na unajiambia utaanza upya mwezi ujao.

Kwa mtu anayetaka tu kupunguza kitambi, hiyo ni kero. Lakini kwa yule aliyeambiwa kliniki kwamba presha au sukari inapanda, jambo ni zito zaidi, maana kwake mazoezi ni sehemu ya matibabu. Ndiyo maana inafaa kujua nini hasa kinapotea ukisimama, na nini hakipotei.

Wiki mbili zinaondoa nini?

Kidogo kuliko unavyodhani. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wamefanya mazoezi mazito kwa miaka mingi, kisha wakaacha kabisa. Baada ya siku 21, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7. Uliendelea kushuka mpaka siku ya 56 hivi, ukatulia ukiwa chini kwa asilimia 16.

Hao walikuwa wazoefu. Aliyeanza mazoezi miezi miwili iliyopita anaweza kupoteza sehemu kubwa zaidi ya alichopata. Hata hivyo, wiki mbili hazimrudishi mtu mwanzo. Pumzi ndiyo inayotangulia kupungua, nguvu za misuli zinakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana ukirudi unahema kama umekimbizwa na mbwa, ila dumu la maji unalibeba kama kawaida.

Na ile hesabu ya siku 21 za kujenga mazoea inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, isikuchanganye. Ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura. Alikuwa anaeleza muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea mabadiliko, hakuwa akipima watu wanaokimbia asubuhi.

Waliopima ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London. Walifuatilia watu 96, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo moja dogo la kila siku. Wastani ulikuwa siku 66, lakini makadirio yalianzia siku 18 hadi 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko mambo mepesi kama kunywa glasi ya maji. Kilichonifurahisha zaidi ni hiki: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Mazoea yaliendelea kujengeka.

Vizuizi vyako unavijua tayari

Hebu tuseme ukweli. Mvua ya Aprili si dharura, inakuja kila mwaka. Foleni ya jioni haijawahi kumshtua mkazi wa Dar. Harusi na kitchen party za Desemba unazijua tangu kadi ya mchango inapoletwa. Ramadhani ipo kwenye kalenda. Mambo haya yote yanajulikana mapema, na bado tunapanga mazoezi kana kwamba hayapo.

Kinachosaidia ni kuandika kizuizi pamoja na utakachofanya kikitokea. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio la wanafunzi 248 wa chuo kikuu. Kundi moja liliachwa tu. La pili lilipewa maelezo ya kutisha kuhusu ugonjwa wa moyo na faida za mazoezi. La tatu lilipewa maelezo hayohayo, halafu kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia mazoezi wiki inayofuata.

Waliofanya mazoezi wiki hiyo walikuwa asilimia 38 kwenye kundi la kwanza, asilimia 35 kwenye la pili, na asilimia 91 kwenye la tatu. Ilikuwa wiki moja tu, na wenyewe ndio walioripoti, kwa hiyo tusiifanye dawa ya kila kitu. Ila angalia kundi la pili. Kutishwa peke yake hakukuwatoa watu kitandani. (Video za hamasa za saa 10 alfajiri nazo, kwa maoni yangu, zinaangukia kundi hilohilo.)

Kwa hiyo kwenye simu yako andika sentensi fupi fupi za namna hii:

"Mvua ikinyesha alfajiri, naruka kamba barazani dakika 10."

"Nikifika nyumbani baada ya saa 2 usiku, sifanyi mazoezi mazito, nachuchumaa na kusimama mara 15, mizunguko mitatu, kabla ya kuoga."

"Siku ya shughuli, natembea asubuhi, jioni nakula pilau kwa amani."

Mwezi wa Ramadhani wengi wanaofunga wanaona nafuu kufanya mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya futari, kwa kuwa maji na chakula viko karibu, au usiku baada ya tarawehe. Kukimbia saa 8 mchana na swaumu kwenye joto la pwani ni kujitafutia kuanguka.

Kwa akina dada kuna kizuizi ambacho ratiba peke yake haikitatui. Kutoka saa 11 alfajiri peke yako, giza bado, mitaa mingine si salama. Hapo kikundi ni ulinzi kabla hata hakijawa hamasa. Vikundi vya joging vya mtaani viko sehemu nyingi za Dar, na vingi vinakimbia wikendi asubuhi kukiwa kumepambazuka. Ukikosa kikundi, wawili mnatosha. Kuna faida nyingine pia: shoga yako akikusubiri kona ya duka, kulala kunakuwa kugumu.

Punguza siku, usizime kabisa

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunaona kama huwezi kufanya siku tano, basi bora kuacha. Mtafiti Robert Hickson na mwenzake walichukua watu waliofanya mazoezi makali siku 6 kwa wiki kwa wiki 10, kisha wakawapunguzia hadi siku 4 kwa wengine na siku 2 kwa wengine. Baada ya wiki 15, hata wale wa siku 2 walikuwa wameshikilia uwezo wao wa pumzi karibu wote. Sharti lilikuwa moja, makali yabaki yaleyale. Katika jaribio jingine, walipopunguza makali badala ya idadi ya siku, uwezo ulishuka.

Maana yake, mwezi wa kufunga hesabu ofisini ukikubana, bakiza siku mbili zenye jasho la kweli. Utakuwa umelinda kazi ya miezi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 150 ni kama 22 kwa siku. Mwongozo wake wa 2020 uliondoa pia lile sharti la zamani kwamba mazoezi lazima yafikie dakika 10 mfululizo ndipo yahesabiwe. Kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kunahesabika. Ngazi za ofisini nazo zinahesabika.

Kipimo cha wastani ni rahisi: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi.

Na kama jimu imekushinda bei, dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5. La lita 10 lina kilo 10. Unabeba mawili, moja kila mkono, unazunguka uani.

Siku ya kurudi

Usirudi kwa hasira. Aliyekuwa anakimbia kilomita 6 akasimama wiki tatu, aanze na nusu yake, achanganye kutembea na kukimbia, aongeze taratibu. Wanaotaka kufidia siku zote kwa Jumamosi moja ndio wanaoishia na maumivu ya ugoko au goti, halafu wanasimama tena mwezi mzima.

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya kurudi ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, au uvimbe, si kawaida, simama. Kama ulikatizwa na malaria au homa nyingine, subiri homa iishe na hamu ya kula irudi, kisha siku za mwanzo tembea tu.

Mwenye presha, sukari au ugonjwa wa moyo aulize kliniki yake kwanza kabla ya kuanza tena mazoezi mazito, hasa kama dawa zimebadilishwa. Na kwa yeyote yule, kifua kikibana, ukakosa pumzi isivyo kawaida au kizunguzungu kikakushika katikati ya mazoezi, acha hapohapo na uende hospitali siku hiyohiyo.