Keja Si Yako, Lakini Bili Ni Yako

Mfereji wa bedsita ukianza kudondosha usiku, wasee wengi hufanya kitu mbili: wanaweka beseni chini, alafu wanapigia keretaka. Keretaka anasema kesho. Hiyo kesho inaeza fika mwisho wa mwezi, na maji yenye yamemwagika yanasoma kwa mita yako, si yake. Ploti mob za Umoja, Pipeline na Zimma ziko na mita ya kila keja, na uniti moja ni lita 1,000. Kama unadhani ni matone tu, weka ndoo ya lita 20 hapo chini ukienda kulala, alafu asubuhi ucheki imefika wapi.

Sasa hapa ndio mimi na mabeshte wangu hatuskizani. Kuna wale husema keja ya rent usiguse kitu, ni ya landi, akuje atengeneze mwenyewe. Kuna wengine wakishaona video mbili za TikTok wanaanza kubomoa ukuta. Rada yangu ni hii: kitu kinakukula doo kila mwezi, tengeneza leo. Kitu cha kupendezesha keja, nunua chenye utabeba ukihama. Stima yenye iko ndani ya ukuta, achana nayo kabisa.

Tuanze na mfereji ju ndio rahisi. Funga valvu, ile ya kuzungusha yenye hukuwanga karibu na mita ama kwa ukuta wa choo. Fungua mfereji maji yenye yamebaki yaishe. Toa kale kakifuniko ka juu, utaona skrubu. Itoe na mkono wa mfereji utoke. Shika shingo na spana ya kuadjasti, zungusha kuelekea kushoto. Kitu kitatoka, na chini yake kuna karaba kadogo keusi. Hiyo ndio washa. Ikiwa imekatika ama imebonyea, umepata mwizi wako. Ibebe mkononi hadi hadiwea, usiende kuieleza na mdomo ju utapewa saizi ingine. Bei yake ni kama ya smokie pasua, na fundi alikuwa akudai soo tano. Kama mfereji wako ni ule wa kugeuza robo tu, hiyo haina washa, iko na katriji. Unatoa yote, unaweka ingine.

Kitu chenye hufelisha wengi ni tepu ya thredi, ile nyeupe nyembamba. Shika bomba thredi zikikuangalia, alafu zungusha tepu vile mshale wa saa huenda, raundi saba nane hivi, ukiivuta ikaze. Ukizungusha kinyume, ukianza kufunga bomba tepu yote inajikunja inatoka, na unarudi kwa beseni.

Choo nacho huiba chini ya maji. Hakuna kelele, hakuna tone unaona. Mwaga rangi ya keki kidogo kwa tangi, usiflashi, ngoja dakika 20. Ukipata rangi imeshuka kwa bakuli, raba ya chini imechapa, badilisha. Kama ni maji yanapita juu kwa ile paipu ya katikati, shida ni floti: ishushe kidogo ndio maji yakatike kabla yafike mdomo wa paipu. Sinki ikiziba, usikimbilie kumwaga asidi. Weka ndoo chini, fungua trapu na mkono, utoe ile uji ya mafuta na ugali yenye imelala hapo. Kwa bafu ni nywele za braids, na hizo haziozi, lazima uzivute.

Kuna hii stori ya ukuta kuota weusi msimu wa mvua, Machi hadi Mei, haswa keja za chini zenye dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Jik na maji inatoa, ukiwa umefungua dirisha na umevaa glavu. Lakini skiza poa: Jik usichanganye na Harpic. Hata kidogo. Harpic iko na asidi, na hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya klorini. Kwa choo ya bedsita, penye hata kugeuka ni shida, hiyo gesi haina pahali ingine pa kuenda isipokuwa kwa mapafu yako. Alafu ujue unaosha tu. Kama unyevu unatoka kwa bomba limepasuka ndani ama paa inavuja, utaosha hadi uchoke, hiyo ni ya landi.

Sasa stima. Hapa ndio nakuwanga mkali.

Ukiona msee anaoga na patipati na anafungua mfereji na kitambaa, usimcheke ati ni ushamba. Hiyo bafu haina athi, ama athi iliunganishwa na fundi wa jaba. Shawa ya moto ya kawaida ni wati 5,500. Gawanya na volti 240, unapata kama ampea 23. Hiyo si mzigo ya waya nyembamba ya taa, inataka laini yake yenyewe kutoka kwa boksi, waya nene, na athi ya ukweli. Na kama ploti yenu inatumia maji ya borehole yenye iko na chumvi, ujue shawa mob elementi yake iko uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji safi. Kuna shawa zimetengenezwa za maji ya chumvi, elementi imefunikwa. Uliza hiyo kabla utoe doo. Na mwenye anaiweka awe fundi ako na leseni ya EPRA, si yule jamaa wa kuuza chaja hapo kwa geti. Kama swali lako ni tokeni, dakika 10 za hiyo shawa ikiwa moto kabisa ni karibu uniti moja.

Zenye unaeza fanya mwenyewe ni chache. Kubadilisha balbu, sawa, swichi ikiwa imezimwa. Kubadilisha fyuzi ya plagi, sawa, na usiweke kawaya ka kopa mahali pa fyuzi ati ndio isiungue tena. Fyuzi inaungua ndio keja isiungue. Kufunga plagi mpya pia ni sawa: rangi ya kahawia ni laivu, inaenda kwa upande wa fyuzi, bluu ni nyutro, kijani na manjano ni athi, ile pini ndefu ya juu.

Alafu ekstenshoni. Plagi ya ampea 13 hubeba wati 3,120, basi. Jagi ya stima ni 2,000, pasi ni 1,200. Ukiziwasha pamoja kwa ekstenshoni moja ushapita, na hujaweka ata subwufa. Iguse waya yake ukitumia: ikiwa na joto, punguza mzigo. Na usiitumie ikiwa imekunjwa kwa raundi chini ya kitanda, joto halina pa kutokea.

Upande wa luku ya keja, mimi nasimama na mkeka wa mbao, na sitaki kuskia ati umekuwa wa kila mtu. Unauziwa kwa mita, unakunja unahama nao. Ukifika nao, uache umelala flati siku moja kabla ukate, ju ukitoka kwa roli bado unataka kujikunja. Fagia na ukaushe sakafu kwanza, acha kanafasi kadogo kwa ukuta, na usigundishe. Gluu ni kumpea landi zawadi. Jipsamu kwa silingi ya mtu mwingine ni kumpea landi zawadi kubwa zaidi.

Kama lazima utoboe ukuta, ju TV imekataa kusimama, kumbuka ukuta wa mawe ya Ndarugu si ubao wa Gikomba. Unataka drili ya nyundo, biti ya mawe na rolplagi za saizi ya hiyo biti. Usitoboe juu wala chini ya soketi ama swichi, waya hupanda na kushuka hapo. Siku ya kuhama, ziba na simiti nyeupe, si Colgate. Colgate ikikauka inapasuka, na keretaka ameona hiyo mchezo kitambo.

Vyombo si lazima ununue peke yako. Mkichanga wasee wanne wa ploti, Kamukunji mtapata spana, plaizi, bisibisi na nyundo, na mkae nazo miaka. Ongeza penseli ya kawaida: kufuli ikikwama, paka kile cheusi cha penseli kwa ufunguo, ingiza utoe mara kadhaa. Mafuta ya kupika hushika vumbi, na kufuli inakwama zaidi.

Na rangi? Usipake kabla landi akubali kwa maandishi, ata kama ni kwa WhatsApp, na aseme kama doo yako itatoka kwa rent. Deposit mob huisha hapo, ati “pesa ya rangi.” So kama unahamia keja mpya mwisho wa mwezi huu, kabla godoro liingie piga picha za kila ukuta, kila mfereji na kila soketi, umtumie keretaka siku hiyo hiyo.