“Watamalizana Wenyewe”

Nilikwenda kwa wakili mmoja Mbagala, Dar es Salaam, kuapa kwa ajili ya cheti kilichopotea. Nilitoka na neno moja ambalo hadi leo linanikosesha usingizi.

Mezani pake palikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, pembe zimejikunja kwa kukaa miaka ndani ya mfuko wa nailoni. Wakili aliyafunika majina kwa kiganja, akaniacha nisome mengine. Ulikuwa mkataba wa mauziano ya nyumba kati ya marafiki wawili. Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mipaka imetajwa: huku jirani, kule njia ya watu, upande wa tatu mwembe. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko uleule uliotulia, unasema kiasi kilichobaki “watamalizana wenyewe”. Kisha sahihi mbili na alama ya dole gumba la shahidi. Kimebaki kiasi gani? Kitalipwa lini? Haikuandikwa.

Karatasi za namna hii, anasema wakili, humfikia wino ukiwa umefifia. Mwembe umekatwa, shahidi amezikwa, muuzaji bado anadai. Watu wasiojuana hulindwa na hofu: kila mmoja huja na shahidi wake na fedha hupitia benki. Wanaojuana huoneana haya. Kuomba kuiona hati ni kama kumwita mwenzio mwizi. Kutaja siku ya kulipa salio ni kama kumwambia humwamini.

Ndiyo maana swali la kwanza la wakili haligusi bei. Huuliza mke au mume wa muuzaji yuko wapi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na wakili huyu huitaka ridhaa hiyo kwa maandishi, hata kama mnunuzi ndiye aliyekuwa mpambe siku ya harusi yao.

Penye hati, hutuma upekuzi kwa Msajili wa Hati. Pasipopimwa, huwaita majirani na viongozi wa serikali ya mtaa, mipaka ikapimwa kwa futi. Ukimpunguzia rafiki bei, anasisitiza, andikeni ile aliyolipa kweli. Kodi ya ongezeko la mtaji nayo ijadiliwe mapema, kwa sababu bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) hati haibadilishwi jina.

Kumalizana, kwa lugha yetu, ni kulipana na kuagana kwa wema. Lakini ni sisi hao hao tunaosema fulani kammaliza mwenzake. Marafiki wale wawili hawasalimiani tena. Nani alikosea: aliyeona haya kudai, aliyeingia kwenye nyumba ambayo hajamaliza kuilipia, au aliyeshika kalamu akaandika neno lile? Nilimuuliza wakili. Aliikunja karatasi, akairudisha kwenye mfuko wake.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo wewe unayemuuzia nyumba ndugu, shoga au rafiki, mpende hivyo hivyo, lakini andikeni kiasi kilichobaki na siku ya kukilipa kabla ufunguo haujabadili mkono.