Stripu Moja, Shilingi 40: Hesabu ya Ugonjwa Unaoishi Nyumbani

Stripu ya kupimia sukari ina urefu wa njiti ya kiberiti hivi. Mgonjwa huitoa kwenye kichupa, hufunga kifuniko upesi unyevu usiingie, huichomeka kwenye glukomita, kisha hujidunga kidole na kugusisha tone la damu kwenye ncha yake. Baada ya sekunde chache namba hutokea. Stripu hiyo hutupwa papo hapo, kwa maana haipimi mara mbili.

Tuifanyie hesabu. Tuseme boksi la stripu 50 umelipata kwa Sh2,000. Kila stripu ni Sh40. Anayetumia insulini na kujipima mara 3 kwa siku atamaliza stripu 90 kwa mwezi, yaani Sh3,600.

Sasa iweke kando ya hesabu nyingine. Mchango wa chini kabisa wa bima ya afya ya umma, SHA, ni Sh300 kwa mwezi kwa kaya. Kwa mwaka mzima ni Sh3,600. Stripu za mwezi mmoja ni sawa na bima ya mwaka.

Kaya nyingi za Meru na Embu zinaishi na hesabu hii, kuanzia Timau hadi Laare, kuanzia Manyatta hadi Ishiara. Bei za dukani ninazotumia hapa ni makadirio ya kufanyia hesabu, kwani chemisti ya Maua na ya Embu mjini si lazima ziuze sawa. Viwango vya bima ni vya serikali.

Bima inalipa nini hasa

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa sahihi tarehe 19 Oktoba 2023, na SHA ikachukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa kaya yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, ndiyo maana 2025 ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole.

Pesa zinakaa katika hazina tatu. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inayolipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na 3. Ya pili ni ya bima yenyewe, inayolipia huduma katika hospitali. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, inayoingia pale kiwango cha bima kinapokwisha.

Hazina zote tatu zina tabia moja: hulipa kituo kilichosajiliwa na kuwekeana mkataba na SHA, kwa huduma iliyotolewa. Kujifungua kwa kawaida ni Sh10,000, kwa upasuaji Sh30,000. Kusafishwa damu kwa mashine pale figo zinaposhindwa ni Sh10,650 kwa kila kikao. Kila tendo lina jina, lina bei, na lina mahali linapofanyikia.

Ugonjwa unaoishi nyumbani hauna kikao. Una mwezi. Mwisho wa mwezi stripu zimekwisha, mfuko wa mkojo umechakaa, bili ya umeme imefika. Risiti ya chemisti haina wa kuipokea, hata kama mgonjwa amelipa mchango wake bila kukosa.

Dawa imeshuka bei, kipimo bado

Insulini yenyewe ina habari njema kidogo. Mwaka 2012 kampuni ya Novo Nordisk ilianzisha nchini mpango uliolenga chupa ya insulini isiuzwe zaidi ya Sh500 katika vituo vilivyojiunga. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 40 kwa siku anahitaji yuniti 1,200 kwa mwezi, yaani chupa moja na sehemu ya ya pili: kama Sh600.

Kwa hiyo dawa ni Sh600, na kujua udunge kiasi gani ni Sh3,600. Familia ikibanwa hupunguza kupima, kwa sababu dawa haiachwi. Mgonjwa hujidunga kwa kukisia, na kukisia insulini ni hatari: sukari ikishuka sana mtu huanguka, ikikaa juu miaka na miaka, macho, miguu na figo huharibika.

Oksijeni na mita ya umeme

Mgonjwa wa mapafu anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa bado anahitaji oksijeni ana njia mbili. Ya kwanza ni mtungi. Mtungi mkubwa wa lita 8,500 ukitoa lita 2 kwa dakika humaliza pumzi yake baada ya saa 71 hivi. Hizo hazitimii siku tatu, kisha ni kutafuta gari la kuupeleka kujazwa.

Ya pili ni mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Ina ukubwa wa kabati dogo la kando ya kitanda, inanguruma muda wote inapofanya kazi, na ina kichujio ambacho mtu wa nyumbani lazima akumbuke kukisafisha. Ile ya lita 5 hula takriban wati 350. Matibabu ya oksijeni ya muda mrefu huhitaji angalau saa 15 kwa siku, na hizo ni yuniti 157 za umeme kwa mwezi. Akiitumia usiku na mchana zinafika 252.

Kwa makadirio ya Sh30 kwa yuniti, kodi na tozo zikiwa ndani, hiyo ni kati ya Sh4,700 na Sh7,560 kwa mwezi, kabla ya kuwasha taa hata moja. Kuna pigo la pili pia. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30, wanaofika 100, na wanaopita 100. Kaya ya taa tatu na redio ilikuwa kundi la chini, lenye bei nafuu. Mashine ikiingia, kaya hiyo hiyo hupanda hadi kundi la juu, na kila yuniti inakuwa ghali zaidi, ya taa na redio pia.

Nauli iliyofichwa ndani ya katheta

Mzee aliyewekwa katheta, mrija wa kutoa mkojo kibofuni, hutembea na mfuko wa lita 2 unaoning'inizwa chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi juu. Katheta ya mpira hubadilishwa kila wiki 4 hivi: mara 13 kwa mwaka. Ya silikoni inaweza kukaa hadi wiki 12: mara 4 au 5.

Ya mpira ni rahisi kununua. Lakini mzee hasafiri peke yake. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mbeere hadi Embu mjini, yeye na wa kumshika mkono, ni Sh1,000. Katheta ya mpira inawagharimu Sh13,000 za nauli kwa mwaka. Ya silikoni, hazizidi Sh5,000. Anayenunua vifaa vya hospitali akitazama bei ya kifaa peke yake, tofauti ya Sh8,000 inahamia mfukoni mwa familia, wala haionekani kwenye kitabu chochote.

Embu na asilimia 4.4

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Ilionyesha pia kwamba Embu ndiyo kaunti yenye kiwango cha juu zaidi cha ulemavu nchini: asilimia 4.4 ya watu wa miaka 5 na zaidi, dhidi ya wastani wa taifa wa asilimia 2.2. Kwa Embu hao ni takriban watu 24,000.

Kwa viti vya magurudumu na vifaa vya kutembelea kuna mlango wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa na sheria ya 2003, lenye hazina yake ya kusaidia vifaa. Katiba yenyewe, Ibara ya 54, inatambua haki ya kupata vifaa vya kumwondolea mtu vikwazo vya ulemavu wake. Lakini kiti hutolewa mara moja, ilhali nepi za mtu mzima ni za kila siku. Mwenye ulemavu mkubwa aliye katika mpango wa Inua Jamii hupokea Sh2,000 kwa mwezi. Nepi ikiwa Sh80, hizo ni nepi 25. Kwa nepi 3 kwa siku, msaada wa mwezi umekwisha siku ya tisa, kabla ya unga, kabla ya sabuni.

Je, nchi inaweza kuumudu mzigo huu?

Tuchukue watu 1,000 wanaotumia insulini, kila mmoja apewe stripu 90 kwa mwezi. Kwa bei ya rejareja ni Sh3.6 milioni kwa mwezi, Sh43.2 milioni kwa mwaka. Zinasikika nyingi.

Sasa mchukue mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu mara 2 kwa wiki. Sh10,650 mara 104 ni Sh1,107,600 kwa mwaka. Gawanya: stripu za watu 1,000 ni gharama ya kuwasafisha damu watu 39. Kisukari ni miongoni mwa visababishi vikuu vya figo kushindwa. Kupima sukari peke yake hakuokoi figo, lakini bila kupima, dawa inatolewa gizani. Wagonjwa 4 tu kati ya 100 wakiepushwa na mashine kwa mwaka mmoja, stripu za wote zimejilipa.

Meru na Embu zina kaya takriban 609,000. Sh43.2 milioni zikigawanywa kwa kaya hizo ni Sh71 kwa mwaka, Sh6 kwa mwezi. Si kila kaya inachanga, najua. Lakini manunuzi ya jumla kupitia KEMSA, wakala wa serikali wa dawa na vifaa vya tiba, nayo hayawi kwa bei ya chemisti. Mzigo unaomlemea mmoja hadi chini unakuwa sarafu kwa wengi, na bima ilibuniwa kwa sababu hiyo.

Wengine wameandika kanuni zake. Marekani, bima ya umma ya Medicare humruhusu anayetumia insulini hadi stripu 300 kila miezi mitatu. Mashine ya oksijeni hukodiwa kwa miezi 36, mgonjwa akichangia asilimia 20. Uingereza, huduma ya taifa hutoa mashine bure, na umeme inaokula hurudishiwa mgonjwa. Nchi hizo ni tajiri, lakini wazo la kumlipia mgonjwa kwa mwezi na kwa idadi linaandikika popote.

La kufanya leo

Jisajili kupitia *147# hata kama huumwi. Kupimwa sukari kwenye zahanati iliyo karibu ni sehemu ya huduma ya msingi, usiilipie bila kuuliza. Kabla mgonjwa hajatoka wodini, uliza ni vifaa gani vinaweza kutolewa akiwa bado amelazwa. Tafuta tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali mapema. Na kama ugonjwa hauponi, Meru kuna hospisi, na Embu pia. Wauguzi wake wanajua kufundisha familia kazi ya nyumbani.

Serikali nayo imekwisha kupiga hatua ya kwanza. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchini kote, wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na glukomita. Mkoba huo unapita njia za Nyambene na Mbeere, unaingia hadi jikoni kwa mgonjwa. Mashine iko ndani yake tayari. Kinachobaki ni kanuni moja ya SHA inayomruhusu mhudumu, anapoondoka, kuacha juu ya meza kichupa cha stripu za mwezi.