Shahada ya usimamizi wa hoteli: Mtaka cha mvunguni sharti ainame

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, maelfu ya vijana huketi na wazazi wao kuchagua kozi za kusomea katika vyuo vikuu. Miongoni mwa zile zinazowavutia wengi, hususan katika kaunti za Pwani, ni usimamizi wa hoteli na maeneo ya mapumziko.

Mvuto huo una sababu. Kijana aliyelelewa Ukunda, Watamu au Malindi huziona hoteli za ufuoni kila siku, na kwake meneja ndiye kielelezo cha ufanisi. Hata hivyo, wazazi wengi hulipa karo ya miaka minne bila ya kufahamu shahada hii inafundisha nini, wala inatofautianaje na diploma ya miaka miwili au mitatu. Matokeo yake ni mhitimu anayetarajia ofisi, akutane na mwajiri anayemtaka aanzie kwenye mapokezi.

Kwa muda mrefu, mafunzo ya kazi za hoteli nchini yalihusishwa na Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa mwaka wa 1975 kwa usaidizi wa serikali ya Uswisi. Chuo hicho kilicho kando ya Barabara ya Thika, Nairobi, kina hoteli yake ambamo wanafunzi hupika, huhudumu na kutandika vitanda vya wageni halisi. Baadaye vyuo vikuu navyo vilianzisha shahada katika nyanja hii, vikiwemo Moi, Kenyatta, Maseno, Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Tofauti ya kwanza imo katika shabaha. Diploma humwandaa mwanafunzi kuifanya kazi yenyewe kwa ustadi. Shahada humwongezea uhasibu, sheria, uuzaji, usimamizi wa wafanyakazi na utafiti, ili aweze kuiendesha biashara nzima.

Chukua mfano wa sahani ya samaki inayouzwa Sh1,000. Iwapo samaki na viungo viligharimu Sh300, gharama ya chakula ni asilimia 30 ya bei. Mpishi akizidisha kipimo, au samaki wakiharibika ghalani hadi gharama ikafika Sh400, mgeni hatatambua lolote. Lakini hoteli inayouza sahani 1,000 kwa wiki itakuwa imepoteza Sh100,000 katika siku saba. Meneja aliyesoma hutarajiwa kuliona pengo hilo mapema.

Hali ni iyo hiyo kwa vyumba. Chumba kilicholala kitupu usiku wa jana hakiwezi kuuzwa tena, kwani usiku huo umekwisha. Hoteli yenye vyumba 100 ufuoni inaweza kujaza 90 mwezi Desemba na 30 mwezi Mei mvua za masika zinaponyesha, ilhali gharama za mishahara, umeme na matengenezo hazipungui kwa kiwango hicho.

Hapo ndipo usimamizi wa maeneo ya mapumziko unapotofautiana na ule wa hoteli za mjini. Mgeni wa hoteli ya Nairobi aghalabu hulala usiku mmoja au mbili akihudhuria mkutano. Mgeni wa Diani hukaa wiki nzima au zaidi, na muda wote huo anahitaji chakula kisichochosha, burudani, usalama na maji yasiyokatika. Isitoshe, meneja hulazimika kuishi vyema na wavuvi, wachuuzi wa ufuoni na wahifadhi wa bahari, kwa kuwa ufuo mchafu au wenye ugomvi haumrudishi mgeni.

Aidha, sekta hii hutikisika upesi. Shambulio la Kikambala la mwaka wa 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, tahadhari za usafiri zilizotolewa na mataifa ya Magharibi mwaka wa 2014 na janga la Covid-19 mwaka wa 2020 yote yaliwafukuza wageni na kuwaacha maelfu ya wafanyakazi bila ajira. Kwa upande mwingine, reli ya kisasa iliyoanza kuhudumu kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 iliwarahisishia Wakenya wa bara safari ya Pwani. Msimamizi aliyejifunza kuwavutia wageni wa humu nchini ana la kushikilia watalii wa Ulaya wanapokosekana.

Pamoja na hayo yote, waajiri wengi wanalalamika kwamba baadhi ya wahitimu wa shahada wanazijua nadharia lakini hawajawahi kusimama jikoni saa kumi za asubuhi. Anayefundishwa kukagua vyumba bila ya kuvisafisha hawezi kujua mfanyakazi mmoja anavimudu vingapi kwa siku. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika taaluma hii mvungu wenyewe ni wa kitanda cha mgeni.

Kwa hivyo, kabla ya kuchagua chuo, mzazi na mwanawe wana haki ya kuuliza maswali machache. Je, chuo kina jiko na vyumba vya mafunzo vinavyotumika? Mafunzo ya nyanjani huchukua miezi mingapi, na nani humtafutia mwanafunzi nafasi? Je, wapo wahadhiri waliowahi kufanya kazi hotelini? Je, Kifaransa, Kijerumani au Kiitaliano hufunzwa kwa kiwango cha kuzungumza na mgeni?

Vilevile, aliyekosa gredi ya C+ inayohitajika kujiunga na chuo kikuu hajafungiwa mlango. Anaweza kuanza na diploma, afanye kazi, kisha aendelee na shahada. Wapo wanaoiona hii kuwa njia ya wanyonge, ilhali anayeipitia huingia darasani akiwa tayari anajua kitoweo hupotelea wapi.

Kwa familia nyingi, karo ya miaka minne ni ng'ombe, kipande cha shamba au akiba ya uzeeni. Kabla ya kuitoa, ni vyema mzazi akazuru chuo chenyewe na kuomba aonyeshwe jiko. Likiwa limefungwa kwa kufuli katikati ya muhula, atakuwa amepata jibu.